Gari linazima njiani, ukisubiri linawaka: namna ya kulipima

Gari linalozima njiani kisha likawaka lenyewe baada ya robo saa hula pesa nyingi kuliko lililokufa kabisa. Lililokufa linavutwa hadi gereji, linapimwa, ubovu unaonekana. Hili lingine linafika Tabora mjini likinguruma vizuri. Fundi analizungusha hadi Ipuli na kurudi, haoni kitu, na hapo kubahatisha kunaanza. Wiki hii plagi mpya, wiki ijayo koili za mtumba, mwezi ujao pampu, na gari linazima tena palepale kati ya Urambo na Kaliua.

Gari la namna hii lipimwe likiwa limezima, ndani ya dakika tatu nne za kwanza, kabla injini haijapoa. Maana yake ni kwamba nusu ya kazi ni ya dereva, na fundi anayefanya kazi bila taarifa ya dereva anapapasa gizani. Maelezo haya yanahusu zaidi magari ya petroli yenye injekta ambayo ndiyo mengi huku: IST, Vitz, Probox, Carina, Premio, Noah. Dizeli ina kifungu chake kifupi huko chini.

Beba vitu hivi kwenye gari: multimita ya kawaida, plagi moja nzima ya akiba, spana namba 10 na 12, soketi ya plagi namba 16, bisibisi, kopo la dawa ya kusafishia kabureta, fyuzi za ampia 15 na 20, kipande cha waya chenye urefu wa sentimita 30, kitambaa, chupa ya maji. Ongeza daftari na kalamu. Vinadharauliwa, lakini ndivyo vinavyomwokolea fundi muda mwingi kuliko mashine.

Kwanza usalama. Injini ikikata mwendoni, usukani unakuwa mzito na busta ya breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Kanyaga mara moja kwa nguvu, usipigepige. Usizungushe ufunguo hadi mwisho wa kuzima, maana usukani unaweza kujifunga huku gari linaserereka. Weka nyutro, washa taa za hatari, toka barabarani, kisha tandika pembetatu mbali vya kutosha, hasa kwenye kona na vilimani. Gari lenye tabia hii lisisogee kwenye tuta la reli nyuma ya foleni: subiri upande wako hadi uone nafasi ya kuvuka moja kwa moja bila kusimama juu ya reli.

Lilikufaje?

Kabla ya kufungua boneti, kumbuka lilivyozima. Injini haifi kwa namna moja, na namna ya kufa inaonyesha upande wa ubovu.

Likikata ghafla kama mtu aliyezima swichi, bila kukohoa wala kupunguza nguvu, huo ni umeme: krenki sensa (inayosoma mzunguko wa injini), ignaita (inayowasha koili), swichi ya ufunguo, rilei ya EFI (swichi ndogo inayolisha umeme mfumo wa injekta), teminali ya betri au waya wa ethi. Likianza kupoteza nguvu, likavutika kwa kushtukashtuka, ukikanyaga mafuta linazidi kulegea, kisha likafa, elekea kwenye petroli. Likizima pale tu unapoachia mafuta, kwenye tuta, kwenye kona au unaposimama, na ukiwa kasi halina shida, hiyo ni hewa na sailensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta. Na taa zikififia kwanza, waipa zikawa za kivivu, redio ikazima, ndipo injini ikafuata, alteneta haichaji. Pima betri injini ikinguruma: inatakiwa volti 13.5 hadi 14.5. Hapo hakuna fumbo.

Angalia pia dashibodi wakati ule ule linakata. Taa za betri na oili zikiwaka, umeme wa swichi upo. Dashibodi nzima ikiwa giza, acha kabisa kufikiria pampu na plagi. Nenda kwenye teminali za betri, fyuzi kuu na swichi. Kwenye gari la manyuo kuna kipimo kizuri sana kisicho na gharama: injini ikikata, usikanyage klachi kwa sekunde mbili. Magurudumu bado yanaizungusha injini, hivyo mshale wa RPM unapaswa kushuka taratibu pamoja na mwendo. Ukianguka sifuri papo hapo wakati gari bado linatembea, ishara ya moto, yaani cheche za plagi, imepotea: krenki sensa, ignaita, au umeme unaozilisha. Ukiendelea kusoma, moto upo na kinachokosekana ni petroli.

Andika vyote: saa, muda uliotembea kabla ya kuzima, petroli iliyokuwemo, lami au vumbi, mpando au tambarare, AC iliwaka au la, mvua, ilichukua dakika ngapi kuwaka tena. Gari linalozima siku zote likiwa na chini ya robo tangi halina ubovu mmoja na lile linalozima siku zote baada ya dakika arobaini.

Dakika nne za kwanza

Usikimbilie kupiga stata mara kumi. Utaijaza injini petroli na kuimaliza betri, na kila dakika inayopita kinachosababisha kinapoa.

Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikifyonzwa kwa nguvu kuingia ndani, kisha gari likawaka hapo hapo, tundu la kupumulia la tangi limeziba na pampu ilikuwa inavuta dhidi ya ombwe. Si ubovu wa mara nyingi, lakini kuujua ni kazi ya sekunde tano.

Halafu weka ufunguo ON bila kupiga stata. Taa ya cheki injini inapaswa kuwaka. Isipowaka, na siku zote huwaka, kontroli boksi (kompyuta ya injini) haipati umeme: chomoa rilei ya EFI na uweke nyingine ya namba ile ile iliyomo kwenye boksi la fyuzi, mara nyingi ile ya honi inafanana nayo. Soma namba zilizoandikwa juu yake kabla ya kubadilisha. Likiwaka, umempata mbaya wako kwa bei ya rilei. Rilei iliyochoka hukata ikipata moto, na ukiigonga kwa mpini wa bisibisi inashika tena.

Sasa tenganisha petroli na moto. Legeza mpira mkubwa wa hewa unaoingia kwenye troto (mlango wa hewa ya injini), puliza dawa ya kabureta kwa sekunde mbili ndani ya troto, rudisha mpira, piga stata. Uso wako uwe pembeni, na mtu yeyote mwenye sigara akae mbali. Injini ikishika kwa sekunde mbili tatu kisha ikafa, moto upo na petroli haifiki. Ikizunguka tu bila hata kujaribu, moto haupo. Kipimo hiki kimoja kinaondoa nusu ya vitu vya kushuku.

Kuuona moto wenyewe kwa macho, chomoa soketi za injekta zote, chomoa koili moja, ivalishe ile plagi ya akiba, egemeza chuma cha plagi kwenye kichwa cha injini, kisha mtu mwingine apige stata. Cheche iwe ya bluu na yenye sauti. Usipige stata koili ikiwa wazi bila plagi. Moto ukikosa njia unaichoma ignaita iliyomo ndani yake.

Mtego wa pampu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Mtu anainama nyuma ya gari, hasikii pampu ikivuma, anasema pampu imekufa. Kwenye Toyota nyingi kontroli boksi haiiruhusu pampu kufanya kazi mpaka ione injini inazunguka, na inaiona kupitia krenki sensa. Sensa ikikata, moto unakata, injekta zinafunga, na pampu nayo inanyamaza. Pampu mpya itakayofungwa itanyamaza vivyo hivyo. Tena matoleo mengi ya zamani hayavumishi pampu ukiweka ON peke yake; huivumisha wakati wa stata tu.

Kwa hiyo ilishe pampu umeme moja kwa moja. Kwenye Carina, Corolla na Noah za miaka ya 1990 kuna kiboksi cha kupimia, mara nyingi chini ya boneti, kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha tundu la +B na la FP kwa kipande chako cha waya, ufunguo ukiwa ON. Pampu ikivuma na gari likawaka, pampu ni nzima. Tafuta rilei yake au krenki sensa. Isipovuma, pima umeme kwenye soketi ya pampu. Kwenye IST na Vitz utaifikia kwa kuinua siti ya nyuma. Umeme ukifika pale karibu sawa na wa betri na pampu imenyamaza, gonga chini ya tangi kwa kiganja au kwa kipande cha mbao. Ikishtuka na kuanza kuvuma, brashi zake zimekwisha: itakufikisha nyumbani, lakini usiiamini hata wiki moja.

Pampu ikivuma bado si kusema inasukuma vya kutosha. Funga geji ya presha. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, inahitaji psi 44 hadi 50. 3S-FE ni psi 38 hadi 44 ukiwa umechomoa mpira mdogo wa vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli). Ukizima injini, presha isishuke chini ya psi 21 ndani ya dakika tano. Kwa kuwa ubovu ni wa mara moja moja, endesha gari huku geji imefungwa: ipitishe nje ya boneti na uibane chini ya waipa ili uisome kupitia kioo. Kamwe usiiingize ndani ya gari, mpira ukichomoka una petroli yenye presha mapajani. Noah na Premio zenye injini za D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ziache. Upande wa presha kubwa si wa kufunguliwa barabarani wala kwa geji ya kawaida.

Kwa magari ya njia za vijijini, chanzo kikubwa cha petroli kukatika ni uchafu tangini. Petroli ya madumu huja na mchanga, vipande vya plastiki na maji. Chujio lililoko mdomoni mwa pampu linazibwa kidogo kidogo. Mjini huoni kitu kwa kuwa injini inavuta kidogo. Ukiingia lami ukashika 100 kwa nusu saa, au ukaanza mpando wa kutoka Kigoma kuelekea Kasulu, mvuto unaugandisha uchafu wote kwenye chujio, gari linalegea na kufa. Ukisimama, uchafu unaanguka, unawasha, unaondoka, kilomita kumi mbele linarudia. Ukiona mtindo huo usinunue pampu kwanza. Toa pampu, tazama chujio, kisha toa petroli ya chini ya tangi na uiweke kwenye chupa ya kioo kwa dakika kumi na tano. Maji yatakaa chini kwa mstari unaoonekana. Tangi lioshwe, chujio libadilishwe, na filta pia. Kwenye IST filta imo humo humo pamoja na pampu. Kufunga pampu mpya ndani ya tangi chafu ni kununua ubovu ule ule mara ya pili.

Linazima likipata moto

Mwezi wa tisa na wa kumi, joto la Tabora likipanda, magari haya yanakuwa mengi. Dalili ni ile ile: asubuhi zuri, baada ya dakika thelathini hadi hamsini linakata ghafla, ukisubiri dakika ishirini linawaka. Vinavyoshukiwa ni krenki sensa, ignaita na koili. Ndani ya krenki sensa ya waya mbili mna uzi mwembamba uliosokotwa. Ukiwa umekatika kidogo, joto linautanua na kuuachanisha, baridi inaurudisha.

Likiwa limezima na hakuna moto, lowesha kitambaa, kikamue, kisha kiweke juu ya sensa yenyewe. Kwenye 1NZ-FE iko chini karibu na puli ya krenki. Ngoja dakika mbili, piga stata. Likiwaka mapema kuliko kawaida yake, umepata. Likikataa, hamishia kitambaa kwenye koili au ignaita. Usimwage maji ovyo kwenye injini ya moto.

Gereji fanya kinyume chake: chomoa soketi ya sensa, ung'ang'anize nyaya za multimita kwenye pini zake, ipashe moto kwa drayer ya saluni. Sensa za Toyota za waya mbili nyingi husoma kati ya omu 1,000 na 2,700 zikiwa baridi, na namba hupanda kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda. Hilo ni sawa. Namba ikiruka ghafla hadi OL (njia imekatika), itupe sensa. Ya waya tatu haipimwi hivi. Hiyo inahitaji mashine inayoonyesha ishara. Ukinunua ya mtumba, ipashe moto vivyo hivyo dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, una jibu lako.

Nyaya, na mambo ya alamu

Barabara za vumbi na mawe hutikisa kila kitu. Anza na betri: shika teminali kwa mkono, izungushe. Ikicheza hata kidogo, umepata sababu moja tayari. Isugue kwa msasa, ikaze. Kisha weka multimita kwenye volti za DC, waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, injini ikinguruma na taa kubwa zimewashwa. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, ethi ni mbovu.

Injini ikiwa kwenye sailensa, mtu mmoja atazame mshale wa RPM, mwingine atikise nyaya fungu moja moja: soketi ya krenki sensa, ya koili, boksi la fyuzi, nyaya zinazopita karibu na eksozi na pale zinapobanwa na vyuma. Usitikise mawili kwa pamoja. Halafu tikisa ufunguo ukiwa kwenye swichi. Rundo la funguo saba na kopo la kufungulia soda linaning'inia kwenye swichi ya miaka ishirini, na kila shimo linaivuta chini.

Alamu na vifaa vya kufuatilia gari vinastahili kutazamwa kwa jicho kali. Mfungaji hukata waya wa moto au wa pampu na kuweka rilei yake ya kuzima, kisha anasokota nyaya kwa vidole na kuzifunga selotepu. Baada ya mwaka mmoja wa vumbi, rilei ile inakata ipendavyo. Kama gari lilianza kuzima baada ya kufungwa kitu cha namna hii, fungua chini ya usukani kwanza kabla ya kugusa kingine. Na kama lilianza baada ya injini kuoshwa kwa maji ya presha, toa koili zote utazame kama kuna maji kwenye visima vya plagi.

Linazima ukisimama tu

Sailensa ya 1NZ-FE ikiwa na moto, AC imezimwa, ni takriban mizunguko 650 hadi 750. Ikishuka chini ya hapo na kutetema, safisha troto. Masizi hujaa ukingoni mwa kile kisahani na kuziba upenyo mdogo wa hewa. Kama troto ni ya umeme, usikisukume kisahani kwa kidole ufunguo ukiwa ON. Na baada ya kusafisha acha injini ingurume dakika kumi ijifunze upya. Kagua pia mpira mkubwa wa hewa kwa kuukunja: nyufa hujificha ndani ya mikunjo, na maunti ya injini ikilegea, ufa unafunguka kila ukianza kuondoka.

Kwa gari la otomatiki, jaribu hili: unapokaribia kusimama, weka N. Likizima kwenye D tu na kwenye N likatulia, tena linazima kwa kukwama kama manyuo iliyosahauliwa klachi, lokapu ya giaboksi (klachi ya ndani inayoifunga na injini) haiachii. Hiyo si kazi ya fundi wa umeme, na troto haihusiki.

Kodi

Mashine ya kupimia husoma kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa na kontroli boksi. Isaidie, isiamue. P0335 ni krenki sensa au waya wake, P0340 sensa ya kemshafti, P0171 hewa imezidi petroli, P0505 sailensa. Vifaa vidogo vya Bluetooth mara nyingi havizungumzi na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hata soketi ikiwa ile ile. Kwenye Toyota nyingi unaweza kuunganisha pini 4 na 13 za soketi hiyo kwa waya, ukaweka ON na kuhesabu mimweko ya cheki injini. Hesabu pini vizuri, maana ya 16 ina umeme wa betri. Za zamani ni TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS: 12 na 13 ni ishara ya mzunguko, 14 ni ishara ya moto. Kutokuwepo kodi hakuisafishi krenki sensa. Inaweza kukata kwa muda mfupi mno kiasi cha kutoandikwa.

Dizeli

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina plagi za cheche wala koili, hivyo orodha ni fupi. Likikata ghafla, pima waya wa solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu ya nozeli: ukilegea, injini inazima mara moja. Likilegea taratibu, toa maji yaliyokusanyika ndani ya filta, kisha weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu. Vipovu vikipita, mfumo unavuta hewa, mara nyingi kwenye klipu za mipira au pampu ya mkono.

Ukishatengeneza

Usilipokee gari kwa mzunguko wa mjini. Lirudishe kwenye hali iliyoandikwa daftarini: kama lilikuwa linazima na robo tangi, saa nane mchana, baada ya dakika arobaini, AC imewashwa, basi litembee hivyo hivyo, kwa muda usiopungua mara mbili ya ule, mtu wa pili akiwemo na vifaa vikiwa vimo. Kifaa cha zamani kichukue, ukiandike tarehe na kukihifadhi. Likizima tena kwa namna ile ile, ubovu haukuwa hapo, na kile cha zamani kinarudi kazini badala ya kununuliwa kingine.